Mchepuko, mchepuo na ndugu zake: mwongozo kamili wa kuzitaja njia zisizonyooka

Ukisimama karibu na Mnara wa Saa wa Moshi asubuhi ukawasikiliza makonda, bodaboda na akina mama wanaoshuka na ndizi, utasikia njia isiyonyooka ikitajwa kwa namna nyingi: kuchepuka, kuzunguka, kukatiza, kupita kwa nyuma, kuibukia, njia ya panya. Mgeni wa lugha huona yote ni kitu kimoja. Sivyo. Njia ni ileile, lakini anayesema "tumezunguka" analalamika, anayesema "tumekatiza" anajisifu, na anayesema "tumechepuka" yuko tayari kutoa sababu.

Huo ndio ufunguo wa mwongozo huu. Maneno haya hayatofautiani kwa umbo la njia; yanatofautiana kwa sababu ya njia kutokunyooka. Kabla hujachagua neno, jiulize nani ameikunja safari, na kwa nini: mhandisi, mlima, foleni, haraka yako mwenyewe, au mtu anayemkwepa askari wa forodha? Ukijibu hilo, neno litakuja lenyewe.

Hatua ya kwanza: kielewe kitenzi kabla ya nomino

Mzizi wetu mkuu ni "chepuka". Maana yake ni kuiacha njia kuu na kushika ya pembeni. Angalia sharti lililojificha humo: lazima iwepo njia kuu. Mtu anayetembea tu shambani hachepuki, maana hana alichokiacha. Anayetoka Arusha kwenda Moshi akaiacha lami pale njia ya Machame ili amsalimie shangazi, huyo amechepuka.

Kitenzi hiki kina watoto. "Chepusha" ni kukifanya kitu kingine kichepuke, na hapa Kilimanjaro neno hili lina kazi ya zamani kuliko magari. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, unaanzia pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni na kuongozwa ubavuni mwa mlima hadi kwenye migomba. Ukipanda Kibosho au Marangu ukaona maji yanatembea mahali ambapo kwa akili ya kawaida yasingepita, jua kuna mtu aliyachepusha. Neno hilohilo lilitumika Novemba 2020, maji ya Mto Rufiji yalipochepushwa kupisha ujenzi wa tuta la Bwawa la Julius Nyerere. Kwa hiyo usisite kulitumia kwa maji, kwa magari, hata kwa fedha: "Pesa za mradi zimechepushwa" ni sentensi inayoeleweka vizuri sana, na kwa bahati mbaya inasemwa mara nyingi.

Hatua ya pili: tenganisha -uko na -uo

Hapa ndipo wengi wanapochanganya, hata kwenye magazeti. "Mchepuko" na "mchepuo" si tahajia mbili za neno moja.

Sikiliza jozi nyingine ya aina hiyo. Ukuta una mpasuko; sketi ina mpasuo. Ukuta ulipasuka, hakuna aliyeupanga. Sketi ilipasuliwa makusudi na fundi mwenye mkasi na kipimo. Tofauti hiyohiyo imo katika maneno yetu. Mchepuko unatokana na kuchepuka: ni tendo la kutoka njiani, au ile njia ya pembeni unayoishika kwa sababu imekubidi. Mchepuo unatokana na kuchepua: umekatwa, umepangwa, upo kudumu.

Ndiyo maana barabara kubwa inayozunguka jiji la Arusha rasmi huitwa barabara ya mchepuo. Ina urefu wa kilomita 42.4, inapita kusini mwa jiji kati ya Usa River na Ngaramtoni, na ilizinduliwa Julai 2022 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana Arusha. Ilijengwa katika mradi mmoja na upanuzi wa kilomita 14.1 za Sakina hadi Tengeru kuwa njia nne. Kazi yake ni rahisi kueleza: lori linalotoka Dar es Salaam au Holili kwenda Namanga halina shida yoyote na katikati ya Arusha, basi lisiingie. Dereva anayeipita hajachepuka kwa dharura. Amefuata mchepuo uliochorwa kwa ajili yake. Mtaani wengi wataiita "baipasi" tu, na ukisema hivyo hakuna atakayekusahihisha.

Shuleni utalikuta neno lilelile likiwa limevaa sare. Mwanafunzi anayekwenda kidato cha tano anachagua mchepuo: wa sayansi, wa sanaa, wa biashara. Mzazi naye husema mwanawe yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ni njia iliyotengwa kwa mpango, watoto wengine wakiendelea na nyingine. Sasa jaribu kusema "mwanangu amechagua mchepuko wa sayansi" mbele ya walimu. Kicheko utakachokisikia kina maelezo yake huko mbele.

Nikiri kwamba mtaani mpaka huu unavuja. Kuna watu wataita baipasi "mchepuko", na wataeleweka. Lakini ukiandika, hasa barua ya ofisi au habari, tofauti hii inafaa kulindwa, kwa sababu inampa msomaji taarifa ya bure: njia hii ni ya kudumu au ni ya leo tu?

Hatua ya tatu: wajue ndugu, na usiwabadilishane

Njia ya mkato. Inapunguza mwendo. Hili ndilo jaribio la haraka kabisa: mkato hufupisha, mchepuko kwa kawaida hurefusha. Kama umetoka njia kuu na umefika mapema, umekata au umekatiza. Kama umetoka na umechelewa, umechepuka au umezunguka. Vijana wa bodaboda Arusha, "chalii angu, hapa tunakatiza", wanauza mkato. Ndiyo bidhaa yao. Angalia tu usichanganye kukatiza na kukatisha ruti. Daladala inayokatisha ruti haipiti njia fupi, inaishia njiani na kuwashusha abiria kabla ya mwisho wa safari, na hilo ni kosa ambalo LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hulifuatilia.

Kuzunguka. Hapa njia ya moja kwa moja haipo, au haipitiki, na wewe huna la kuchagua. Ni neno la mlima wenyewe. Vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba, viko juu ya migongo ya ardhi iliyotenganishwa na makorongo ya mito kama Karanga, Weruweru na Kikafu. Barabara nyingi zinashuka na migongo hiyo kuja chini kwenye barabara kuu, kama vidole vinavyokutana kiganjani. Matokeo yake, watu wanaoonana kwa macho ng'ambo ya korongo wanaweza kulazimika kushuka hadi karibu na mjini na kupanda tena ili washikane mikono kwa gari. Kwa miguu kuna vijia vya kuteremka korongoni na kuvuka maji. Kwa gari, unazunguka. Usiite hilo mchepuko. Hakuna njia kuu iliyoachwa.

Kitenzi hiki kina umbo zuri ambalo vitabu vya kufundishia lugha hulisahau: "zungukia". Daraja likikatika kwenye barabara ya Same na Korogwe, basi la Arusha kwenda Dar es Salaam linaweza kupitia Babati, Kondoa na Dodoma. Abiria akipiga simu nyumbani atasema, "Tumezungukia Dodoma." Neno moja limebeba mahali na uchovu wake.

Barabara ya mzunguko. Hii imejengwa kuuzunguka mji, kama ile ya nje ya Dodoma yenye kilomita 112.3. Lakini jihadhari na "mzunguko" peke yake, maana kwa lugha ya barabarani ni ile duara ya makutano ambayo Moshi na Arusha tunaiita kipilefti. Mgeni akiambiwa "ukifika kwenye mzunguko" anaweza kutafuta barabara ndefu, kumbe anatakiwa kutazama bustani ndogo iliyo mbele yake. Kwa maelekezo ya mdomo, sema kipilefti.

Njia ya panya. Neno hili lina harufu. Kilimanjaro ni mkoa wa mpakani, na viongozi wanapozungumzia njia za panya huko Rombo, Holili au Tarakea wanamaanisha vijia vya kupitishia magendo: mahindi, sukari, chochote chenye bei tofauti upande wa pili. Mjini watu hulitumia kwa utani wakimaanisha vichochoro vya kukwepea foleni, na kati ya marafiki hakuna ubaya. Lakini ukimwambia ofisa wa mpakani kwamba umekuja kwa njia ya panya ukidhani umesema umepita njia ndogo, umeshajiandikia maelezo mwenyewe.

Kichochoro ni upenyo kati ya nyumba na nyumba. Hakihitaji zaidi ya hapo. Ushoroba ni wa wanyama, kama ule wa Kwakuchinja kati ya Tarangire na Manyara, ingawa wapangaji wa miji wanaanza kuukopa. Njia panda ni makutano, na kwa mtu wa Moshi "Njia Panda" ni mahali halisi pale Himo, barabara ya Marangu na Rombo inapoachana na ile ya Dar es Salaam. Ukimwambia mtu "tukutane njia panda" bila kutaja nyingine, huko ndiko atakakokwenda.

Hatua ya nne: kuelekeza na kuelekezwa

Maelekezo ya mchepuko yana sehemu tatu, na ukikosa moja umempoteza mtu: unaiacha wapi njia kuu, unafuata nini ukiwa pembeni, na unaibukia wapi. Watu wengi husema la kwanza kwa ufasaha, la pili kwa mkono unaopunga hewani, na la tatu hawalisemi kabisa. Hilo la tatu ndilo muhimu kuliko yote. Mtu anayejua ataibukia wapi anaweza kuuliza tena njiani. Asiyejua hana hata swali la kuuliza.

Sikiliza mazungumzo ya kawaida njia ya kupanda Kibosho:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Samahani mama, naomba kuuliza. Hii itanifikisha kanisani?"

"Itakufikisha, ila hapo mbele wanatengeneza daraja. Ukiona duka la Mangi, chepuka kushoto, shika barabara ya vumbi. Usiiache. Panda nayo mpaka uone shule, utaibukia juu ya kanisa."

"Gari ndogo inapita?"

"Inapita, ila pole pole."

Kila kitu kimo. Salamu kwanza, na kwa mtu mzima ni shikamoo, si "samahani, njia ya kanisani iko wapi" inayorushwa kutoka dirishani. "Duka la Mangi" ni alama ya njiani. Mangi zamani alikuwa mtawala wa Wachaga, leo ni jina la heshima na utani kwa mwenye duka. "Shika" na "usiiache" ni maneno ya kumlinda mtu aliye pembeni, kwa sababu barabara ya vumbi ina vishawishi vingi vya kuingia pasipostahili. Na "utaibukia" ndilo neno la kufungia. Unaweza pia kusema "utatokea", lakini "utaibukia" linabeba lile jambo la kutoka kwenye migomba ghafla ukakutana na lami.

Angalia vilevile "panda". Moshi kaskazini ni juu na kusini ni chini, kwa sababu mlima upo. Kutoka Mnara wa Saa kwenda hospitali ya KCMC unapanda, unapita kipilefti cha YMCA, unaendelea kupanda. Mtu aliyechepuka akapotea anaweza kujirudisha kwa kanuni hiyo moja: teremka, barabara kuu ya Arusha na Himo iko huko chini. Arusha kanuni hii inasaidia kidogo ukiwa Ilboru au Sekei chini ya Mlima Meru, lakini ukishafika Njiro au Unga Limited usiitegemee sana.

Na "sio mbali"? Hicho si kipimo. Uliza kwa mguu au kwa gari.

Hatua ya tano: neno likitoka barabarani

Sasa kile kicheko cha walimu. Kwa zaidi ya miaka kumi, "mchepuko" kwa Watanzania wengi ni kwanza mpenzi wa nje, na barabara inakuja baadaye. Picha yake inajieleza: ndoa ni njia kuu, mwingine ni njia ya pembeni. Ndiyo maana onyo lake likawa "baki njia kuu, michepuko sio dili", msemo ulioandikwa hadi nyuma ya magari.

Sarufi nayo imefuata maana. Mchepuko wa barabarani uko katika ngeli ya M-/MI-: "mchepuko huu umefungwa, michepuko hii imefungwa". Mchepuko mtu huchukua kitenzi cha viumbe: "mchepuko wake amepiga simu". Kwenye wingi utasikia kitu cha ajabu kidogo, "michepuko yake wamekutana", kimilikishi kimebaki M-/MI- na kitenzi kimehamia kwa watu. Wapo watakaokunja uso. Lakini tunasema "rafiki zangu wamekuja" kila siku na hakuna anayelia.

Kwa matumizi ya kila siku, hesabu ni hii: kitenzi "kuchepuka" kina usalama kikiwa na mahali karibu yake, "tuchepukie Tengeru tununue mboga". Nomino peke yake, bila barabara wala mahali, ni hatari. "Nimechelewa, nilikuwa kwenye mchepuko" ni sentensi ambayo usimtumie mkeo. Sema "barabara ya mchepuko", au "tumepitishwa pembeni", uishi kwa amani.

Ofisini neno linalotawala ni "zungusha". Mtu anayeambiwa njoo kesho, faili liko kwa fulani, fulani yuko semina, anazungushwa. Au anapigwa danadana. Usiseme amechepushwa. Kuna pia "kuzunguka mbuyu", ambayo si kuzunguka kwa kawaida: ni kutoa rushwa, na anayekunong'oneza kwamba "hapa inabidi uzunguke mbuyu" hakuonyeshi njia ya nje ya jengo. "Mlango wa nyuma" ni jirani yake, lakini pana zaidi, unahusu hata upendeleo usio na fedha.

Katika mazungumzo, "usizunguke, sema" ni karipio. Hata hivyo si kila maneno ya kuzunguka ni kasoro. Mshenga anayefika nyumbani kwa binti na kusema moja kwa moja amefuata nini anahesabika hakufunzwa. Anatakiwa azunguke, kwa mafumbo ya ua au ya mbegu. Na kwa Wachaga, aliyekosa anaweza kutuma jani la isale, mmea wa kuombea msamaha, badala ya kujieleza mwenyewe mlangoni. Huko kote neno "mchepuko" halina nafasi. Tunasema amepitia kwa mshenga, ametuma isale.

Hatua ya sita: kuandika tangazo

Desemba ndipo ujuzi huu unapolipa, maana nusu ya ukoo imerudi nyumbani na kila wiki kuna shughuli. Ujumbe wa kundi la simu uwe mfupi, uanze na sababu, utaje zile sehemu tatu, kisha hali ya njia. Mfano:

"Ndugu, barabara ya kwetu imefungwa kwa muda, wanatengeneza kivuko. Wanaotoka mjini, chepukeni kulia mara baada ya zahanati, shikeni barabara ya vumbi msiiache, mtaibukia uwanja wa shule. Gari ndogo zinapita kama mvua haijanyesha. Wenye mabasi makubwa mzungukie njia ya juu. Vijana watakuwepo kwenye kona kuwaelekeza."

Humo nimetumia kuchepuka kwa wale wanaoacha njia na kuirudia, na kuzungukia kwa mabasi yanayolazimika kwenda mbali. Ukiandika "kuna michepuko miwili" wapo watakaotuma vicheko badala ya kusoma. Kibao cha barabarani kiwe kifupi zaidi: NJIA IMEFUNGWA, PITA KUSHOTO. Dereva aliye kwenye mwendo hasomi aya.

Jambo la mwisho la kuangalia ni mvua. Kati ya Machi na Mei njia za pembeni za mlimani hugeuka utelezi, na njia iliyokuwa mkato Februari inakuwa mzunguko mrefu Aprili. Usiulize "njia ni nzuri?" kwa sababu mwenyeji mwenye adabu atakujibu ndiyo. Uliza "leo kuna gari limepita?" Akijibu "inapitika", nenda. Akijibu "inapitika kwa shida", shuka uzungukie barabara kuu. Akikaa kimya kidogo akatazama matairi yako kabla ya kujibu, acha gari hapo kwa Mangi na utembee.